Carl Linnaeus: Mpaji wa Majina ya Maua

Apigaye picha ya ua, liwe la bustanini au la kichakani, hukabiliwa na swali moja punde tu anaposhusha kamera: ua hili laitwaje? Akipekua vitabu vya mimea, au akisoma vibao vilivyotundikwa mitini katika bustani za umma, atakuta majina mawili ya Kilatini yakifuatwa mara kwa mara na herufi moja tu, L. Hibiscus rosa-sinensis L. ni lile ua jekundu lipandwalo kwenye nyua kutoka Mombasa hadi Kisumu. Mnazi una herufi hiyo, mkwaju unayo, kadhalika mhina, mnavu na mbuyu. Wataalamu wengine wa mimea hufupishwa kwa silabi moja au mbili. Ni mmoja pekee anayetambulikana kwa herufi moja, naye ni Carl Linnaeus, Mswidi aliyeishi katika karne ya 18 na ambaye hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika.

Alizaliwa tarehe 23 Mei 1707 kijijini Råshult, katika jimbo la Småland, kusini mwa Uswidi. Jina lake la ukoo nalo lilitokana na mti. Wakulima wa nchi hiyo walizoea kujiita kwa majina ya baba zao, lakini baba yake, Nils, alipojiunga na chuo kikuu alihitaji jina la ukoo, akalichukua kutoka kwa mti mkubwa wa aina iitwayo lind kwa Kiswidi uliosimama katika shamba la jamaa zake, akalitilia mwisho wa Kilatini. Nils alikuwa mchungaji wa kanisa na mpenzi mkubwa wa bustani. Inasimuliwa kwamba mtoto Carl alipolia alinyamazishwa kwa kupewa ua mkononi. Alipoanza kusema hakuchoka kuuliza majina ya mimea, na kila alipoambiwa aliyasahau. Baba yake alimkemea, akamwonya kwamba hatamtajia jina jingine hata moja iwapo hataahidi kuyakumbuka aliyokwisha kutajiwa. Tangu siku hiyo, kama alivyokuja kueleza mwenyewe ukubwani, alijitahidi kuyashika yote.

Shuleni Växjö hakung'ara. Wazazi walimtaka awe mchungaji kama baba yake, ilhali walimu walimwona hafai kwa masomo ya dini na wakashauri afundishwe kazi ya mikono. Aliyemwokoa ni mwalimu mmoja daktari, Johan Rothman, ambaye alimshawishi baba amwache kijana asomee udaktari, kwani katika siku hizo daktari alilazimika kuijua mitishamba. Carl alijiunga na chuo cha Lund mwaka 1727, akahamia Uppsala mwaka uliofuata. Huko alikuwa fukara hata akaziba matundu ya viatu vyake kwa karatasi. Mwaka 1729 mwanazuoni Olof Celsius alimkuta katika bustani ya chuo, akashangazwa na ujuzi wake wa mimea, akamkaribisha nyumbani kwake. Mwishoni mwa mwaka huo Linnaeus alimwandikia mfadhili wake insha fupi kuhusu ndoa za mimea, iwe zawadi ya mwaka mpya. Insha hiyo ilizagaa chuoni kwa kunakiliwa, na mwaka 1730 kijana ambaye bado alikuwa mwanafunzi alianza kuwafundisha wenzake bustanini.

Kiini cha insha hiyo ni wazo ambalo wakati huo lilikuwa bado geni kwa wengi: ua ni kiungo cha uzazi. Linnaeus aliligeuza wazo hilo kuwa chombo cha kuitambua mimea. Ukitaka kujua mmea uko katika kundi gani, alisema, hesabu stameni zake, zile nyuzi zilizobeba chavua; tazama zimeungana au zimeachana, ni ndefu au fupi; kisha hesabu viungo vya kike. Kwa njia hii aliigawa mimea yote katika matabaka 24. Mpango huu ulikuwa na kasoro, naye alikiri hivyo, maana mimea isiyo na udugu wowote ilijikuta imewekwa pamoja kwa sababu tu ya kulingana kwa hesabu. Hata hivyo ulikuwa na fadhila moja ambayo haikuwahi kuonekana kabla yake: mtu yeyote awezaye kuhesabu, awe mtunza bustani au baharia, aliweza kuutumia. Kuna waliokasirishwa. Johann Siegesbeck wa St Petersburg aliona ni ufuska kudai kwamba Muumba aliweka waume kadhaa na mke mmoja katika ua moja. Leo jina lake limebaki katika Sigesbeckia, magugu yanayonata, ambayo hata katika mashamba ya Kenya hayakosekani.

Mnamo 1732, akiwa na umri wa miaka 25, alisafiri peke yake hadi Lapland, kaskazini ya mbali, nchi ya Wasami. Alikaa safarini kwa takriban miezi mitano, akiandika habari za mimea, vyakula, tiba na mavazi. Mengi aliyoyajua kuhusu matumizi ya mimea hiyo aliyapata kwa Wasami wenyewe. Katika kinamasi kimoja aliona mmea mdogo wenye maua ya waridi yaliyoinama, miguu yake ikiwa majini, akamkumbuka binti wa visasili vya Kiyunani aliyefungwa mwambani kando ya bahari ili aliwe na dude. Mmea huo akauita Andromeda. Kwake jina la mmea halikuwa lebo kavu. Alilitunga kama mshairi atungavyo sitiari.

Miaka mitatu baadaye, baada ya kumchumbia Sara Elisabeth Moraea, aliondoka kwenda Uholanzi kutafuta shahada ya udaktari, kwani baba wa mchumba alitaka kwanza mkwe mwenye riziki. Chuo cha Harderwijk kilikuwa mashuhuri kwa wepesi wa kutunuku shahada: Linnaeus aliipata katika muda wa wiki moja hivi, kwa tasnifu iliyodai kwamba homa ya vipindi, yaani malaria, husababishwa na udongo wa mfinyanzi. Alikosea kabisa. Mwaka huohuo wa 1735, mjini Leiden, alichapisha Systema Naturae, kitabu cha kurasa chache kubwa kilichopanga madini, mimea na wanyama wote. Mmoja wa waliosaidia kulipa gharama za uchapishaji alikuwa daktari wa Kiskoti, Isaac Lawson. Rafiki alilipwa kwa jina: mmea uitwao mhina, ambao majani yake huwapamba maharusi wa Lamu na Zanzibar, katika vitabu vya wanabotania ni Lawsonia inermis. Ni vigumu kufikiria bi harusi yeyote wa Pwani aliyewahi kumsikia Lawson.

Riziki ya Uholanzi ilitoka kwa George Clifford, tajiri wa benki na mkurugenzi wa Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya India, aliyekuwa na bustani Hartekamp, karibu na Haarlem, yenye vibanda vya vioo vilivyopashwa moto. Ndani yake mlikuwa na mgomba. Migomba michache ilikuwa imefika Uholanzi, lakini kuufanya utoe ua na kuzaa lilikuwa jambo la ajabu. Linnaeus aliagiza upandwe katika udongo wenye rutuba, unyimwe maji kwa wiki kadhaa, kisha umwagiwe kwa wingi kana kwamba mvua ya masika imeshuka. Mwaka 1736 mgomba ukachanua, watu wakamiminika kuutazama, naye akauandikia kitabu kizima. Kwa mkulima wa Kisii au Bukoba habari hii inachekesha kidogo. Hata hivyo inaonyesha jinsi ujuzi wa Linnaeus ulivyotegemea meli za biashara zilizoyabeba maua ya dunia nzima hadi mlangoni pake.

Ni katika Uholanzi vilevile alipokutana na Georg Dionysius Ehret, mchoraji hodari wa maua, ambaye alichora yale matabaka 24 katika bango moja na picha nyingi za kitabu cha bustani ya Clifford. Jambo la kushangaza ni kwamba mtu huyu aliyehudumiwa na mchoraji bora wa zama zake hakuziamini picha. Aliandika wazi kwamba picha hazifai kuwa msingi wa kuainisha jenasi, maana picha huonyesha mmea mmoja wa siku moja, bali maneno yaliyochaguliwa vyema hutaja zile sifa zinazohusu mimea yote ya aina hiyo. Apigaye picha leo hulitambua tatizo hilo. Picha nzuri ya petali huenda isionyeshe stameni, wala upande wa chini wa jani, wala namna ua lilivyoshikamana na kikonyo chake, na hapo mtaalamu akiletewa picha hiyo hubaki anakuna kichwa. Linnaeus alipendelea mmea wenyewe, uliokaushwa na kubandikwa karatasini. Zaidi ya hayo, badala ya kuzishona karatasi ziwe kitabu, kama ilivyokuwa desturi, aliziacha huru ndani ya kabati, ili aweze kuzihamisha kila maarifa mapya yalipopatikana.

Alirejea Uswidi mwaka 1738, akafanya udaktari Stockholm, akamwoa Sara Elisabeth mwaka 1739, na mwaka 1741 akawa profesa huko Uppsala. Wanafunzi walimpenda mno. Aliwaongoza kwenda nyikani kutafuta mimea, kundi ambalo nyakati nyingine lilipita watu 200, wakiwa wamevaa mavazi mepesi yaliyoagizwa na mwalimu, wakigawiwa kazi: huyu kuandika, yule kulinda nidhamu, mwingine kupiga ndege. Kitu adimu kilipoonekana, tarumbeta ililia na wote wakakusanyika kumsikiliza. Jioni walirudi mjini kwa ngoma na pembe, maua yakiwa kofiani, wakamsindikiza hadi bustanini wakimshangilia. Mihadhara ya namna hiyo ni adimu katika chuo chochote.

Ni kwa ajili ya wanafunzi, kwa hakika, uvumbuzi wake mkubwa ulipatikana, tena karibu kwa bahati. Kabla yake mmea ulitajwa kwa sentensi nzima ya Kilatini iliyoeleza shina, majani na maua yake. Nyanya, kwa mfano, ilikuwa mnavu wa shina lisilo na miiba wenye majani ya namna fulani na namna fulani. Spishi mpya ikigunduliwa, sentensi iliongezwa urefu ili kuitenga na nyingine. Mwaka 1749, katika tasnifu kuhusu mimea inayoliwa na mifugo ya Uswidi, ilihitajika kuandika upesi malishoni ng'ombe amekula nini na mbuzi amekataa nini. Sentensi ndefu hazikuwezekana. Linnaeus akatumia maneno mawili tu: jina la jenasi na neno moja la kuipambanua spishi. Mwaka 1753 aliutandaza utaratibu huo katika Species Plantarum, kitabu cha kurasa 1,200 chenye spishi zinazokaribia 6,000. Mwaka 1905, katika kongamano lililofanyika Vienna, wanabotania walikubaliana kwamba majina ya mimea ya maua yaanze kuhesabiwa kutoka kitabu hicho.

Mwanafunzi wa Kiswahili akilitazama jina la namna hii haoni ugeni mkubwa. Nomino hutangulia, kisha kivumishi hufuata na kulazimika kupatana nayo. Mnavu ni Solanum nigrum, lakini mforosadi mweusi ni Morus nigra: neno ni lilelile lenye maana ya weusi, ila limebadilika kwa sababu nomino imebadilika. Tena Morus, kwa umbo lake, ingedhaniwa kuwa ya kiume. Inachukua upatanisho wa kike kwa sababu Kilatini huiweka miti katika jinsia ya kike, kama vile Kiswahili kinavyoiweka katika ngeli ya U-I bila kujali ni mwembe au mwarobaini. Mswidi huyu alikuwa anaipa dunia sarufi, si orodha tu.

Lakini sarufi hiyo ilikuwa na milango iliyofungwa. Katika Critica Botanica ya mwaka 1737 aliamuru kwamba majina ya jenasi yasiyo na asili ya Kiyunani au Kilatini yatupiliwe mbali kama ya kishenzi. Mauz ya Waarabu, ambayo tayari ilikuwa imeingia vitabuni kama Musa, ilinusurika kwa hila: Linnaeus alidai inamuenzi Antonius Musa, tabibu wa Kaisari Augusto. Mbuyu haukuwa na bahati hiyo. Mfaransa Michel Adanson, aliyeishi Senegal kwa miaka kadhaa kuanzia 1749 na kuueleza mti huo kwa makini, aliliheshimu jina baobab na kuamini kuwa majina ya wenyeji yana haki ya kutumika. Linnaeus akauita mti Adansonia kwa heshima yake. Adanson hakushukuru, katika kitabu chake cha 1763 aliendelea kuandika Baobab. Alishindwa, na Adansonia digitata ndilo jina lililobaki.

Doa jeusi zaidi halihusu mimea. Mwaka 1735 alikuwa amewagawa wanadamu katika makundi manne kwa bara na rangi. Katika toleo la 10 la Systema Naturae, mwaka 1758, aliyaongezea makundi hayo tabia: Mzungu akapewa werevu na ugunduzi, Mwafrika akapewa hila, uvivu na uzembe. Aliyetaka wanafunzi wake wahesabu stameni moja moja kabla ya kutamka jina aliridhika hapa na masimulizi ya mabaharia na wafanyabiashara. Wengine walikuja kuujenga ubaguzi wa rangi juu ya msingi huo. Na bado, miaka minne baadaye, mtu huyohuyo aliupa mti mchungu wenye dawa ya homa jina la Quassia amara, kwa heshima ya Quassi, mzaliwa wa Afrika Magharibi aliyekuwa ameishi utumwani Suriname na kuijua tiba hiyo. Quassi naye si shujaa mwepesi, kwa kuwa aliwasaidia wakoloni kuwasaka watumwa watoro. Hata hivyo jina lake, ambalo si la Kiyunani wala la Kilatini, limo katika kila kitabu cha botania.

Wanafunzi wake aliwatuma kote ulimwenguni, na wengi hawakurudi. Wa kwanza, Christopher Tärnström, alifariki mwaka 1746 akielekea China. Mjane wake alimlaumu profesa waziwazi, naye tangu hapo akapendelea kuwatuma makapera. Pehr Löfling alifia Venezuela mwaka 1756. Pehr Forsskål alifia Yemeni mwaka 1763 kwa malaria, ile homa ambayo mwalimu wake aliinasibisha na udongo. Forsskål alikuwa amejifunza Kiarabu, na mahali alipopita aliyaandika majina ya mimea kama alivyoyasikia kwa wenyeji. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775 na Carsten Niebuhr, mwenzake pekee aliyerejea hai, na ndani yake mmea ambao Wayemeni huuita qat ukaitwa Catha. Ndiyo miraa ya Meru. Kanuni ya Critica Botanica ilivunjwa na mmoja wa wanafunzi waliopendwa zaidi. Carl Peter Thunberg, mwingine wao, alirudi salama kutoka Rasi ya Tumaini Jema na Japani, lakini mti mmoja wa Afrika Kusini wenye maua mekundu ya kuvutia aliuita Erythrina caffra, kutokana na lile neno kafiri lililokuja kugeuzwa tusi dhidi ya Waafrika. Ilipasa kusubiri hadi Julai 2024, katika kongamano la Madrid, ndipo wanabotania walipopiga kura maneno ya namna hiyo yaandikwe affra.

Linnaeus alipewa hadhi ya kikabaila, akajulikana kuwa Carl von Linné, na mwaka 1758 alinunua shamba Hammarby, nje ya Uppsala. Alipapendelea kuliko mjini. Kuta za chumba chake cha kulala alizibandika picha za mimea zilizotolewa vitabuni, yeye aliyesema picha hazifai kuainisha. Kiharusi kilimpata mwaka 1774, kikarudi mwaka 1776. Kumbukumbu ikamtoka. Majina ya mimea yakamponyoka, kisha ya watu wa nyumbani, na hatimaye hata jina lake mwenyewe. Aliwekewa vitabu vyake mbele, akavisifu, bila kutambua kwamba ni yeye aliyeviandika. Alifariki tarehe 10 Januari 1778, akazikwa katika kanisa kuu la Uppsala.

Mwanawe, Carl mdogo, alirithi kiti cha uprofesa pamoja na mkusanyo, akafariki mwaka 1783 bila mtoto. Sara Elisabeth, akiwa na mabinti wa kutunza, aliuuza mkusanyo wote mwaka uliofuata kwa kijana Mwingereza, James Edward Smith: mimea iliyokaushwa ipatayo 14,000, wadudu, makombe ya baharini, vitabu 1,600 hivi na barua zipatazo 3,000. Waswidi walikasirika walipogundua kilichokuwa kimeondoka, lakini meli ilikwisha ng'oa nanga. Karatasi zile zimehifadhiwa London na Jumuiya ya Linnaeus, iliyoasisiwa na Smith mwaka 1788. Mtafiti akitilia shaka Linnaeus aliliita ua gani kwa jina fulani, hurejea kwenye karatasi hizo, akatazama mmea uliokauka tangu karne ya 18 na mwandiko wa mkono ulio chini yake.